Maneno Manne ya Golini

Wadogo zangu mliobaki kwenye chumba cha vifaa, ufunguo nimeuacha kwa mlinzi wa getini, na ile pampu ndogo ya mkono msiitupe hata mkiletewa ya umeme. Mmeniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani, kwa sababu la kwanza halikutokea na la pili halisimuliki mbele ya watu wazima. Nitaandika kazi. Na zaidi nitaandika msimu ule tuliochukua ubingwa wa vyuo, maana picha yake mmeikuta juu ya mashine ya kufulia, na kila mgeni anauliza kwa nini wachezaji wote wamefunga midomo kwa heshima isipokuwa kipa.

Nilifika Doha nikitokea Tanga, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa mkataba wa usafi. Tulilala Industrial Area, chumba kimoja watu wengi, na asubuhi basi la kampuni lilitugawa mjini kama mtu anayegawa magazeti. Mimi nilishushwa chuoni, nikapewa vyoo vya uwanja wa mpira. Siku ya kwanza, nikipita na ndoo, nikamwona mzee wa Kisudani amekaa kwenye kreti la maji, uzi mdomoni, anashona jezi. Ndiye Amm Taha, mtunza vifaa wa timu. Hakuniuliza jina. Alinirushia soksi iliyotoboka kisigino, akanipa sindano, akaendelea na yake. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo soksi ile niliishona nikiwa nimesimama. Wiki iliyofuata vyoo vilipewa mtu mwingine, nami nikawa msaidizi wake.

Aliyonifundisha Amm Taha ndiyo mnayoyafanya leo bila kujua yametoka kwa nani. Mpira ukijazwa upepo ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ukitoka nje kwenye joto la Doha unavimba na kuwa mgumu kama jiwe. Basi toeni mipira nje mapema, ipate joto, ndipo mjaze. Jezi msizianike jua la mchana, zitapauka kabla ya msimu kufika katikati. Njumu msiziache kwenye gari, gundi inayeyuka na soli inabaki chini mchezaji akikimbia. Hilo nimeliona kwa macho, na mchezaji mwenyewe alifunga goli kabla hajagundua kuwa mguu mmoja uko soksi tupu. Ramadhani, tende na maji viwe juu kabisa ya begi, siyo chini ya koni za mazoezi, kwa sababu adhana haimngoji mtu anayepekua. Alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka nikaichukia: mchezaji akiikumbuka jezi yake uwanjani, ujue wewe umeharibu kazi.

Magoti yalipomshinda, Amm Taha alirudi kwao, akaniachia chumba, pampu na lile kreti. Nililia, wala sioni haya kusema. Miaka hiyo nilishahamia mtaa wa Najma, chumba cha watu watatu juu ya kinyozi. Pale Najma, na njia nzima mpaka chuoni, nilikuwa nasalimia kwa Kiswahili tu. Mlinzi wa benki Mkenya, mlinzi wa duka la dawa Mganda, dereva wa teksi Mzanzibari, wapishi wawili wa hoteli kutoka Moshi. Likumbukeni hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau siku niliyotakiwa kulikumbuka.

Sasa niwaambie kuhusu Nasri.

Nasri alikuwa kipa, mwanafunzi kutoka Maskati, mrefu, mpole, mwenye mikono mizuri kuliko kipa yeyote niliyewahi kumlowanishia glavu. Lakini alikuwa hasemi. Mnajua wenyewe kuwa kipa ndiye anayeuona uwanja wote, na asiposema mabeki wanacheza kama watu waliozimiwa taa. Alikuwa ameshadaka misimu mitatu, na yote mitatu tulifungwa magoli ya kijinga. Beki anautoa mpira ambao kipa keshaufuata, au wote wawili wanauachiana mpaka unapita katikati yao. Mwanzo wa mwaka wake wa mwisho kocha wetu, Mtunisia mwenye sauti ya kuchana turubai, alimwambia mbele ya wenzake kuwa kipa bubu ni nguzo ya tatu ya goli, na nguzo anazo mbili tayari. Alimpa mechi chache za kuthibitisha kama anaweza kuongoza mabeki. Akishindwa, angekaa benchi mpaka amalize chuo, na glavu zingekwenda kwa kijana wa mwaka wa kwanza.

Siku mbili baada ya maneno hayo nilikuwa nyuma ya goli nakusanya koni. Nasri akaruka kudaka, kidole kikagonga nguzo, akaanguka akikishika. "Yarabi," akasema, "kidole changu mie."

Koni zikanidondoka. Nilimwuliza kwa Kiswahili amekipata wapi Kiswahili hicho. Akaona haya kwanza, kisha akanipa shikamoo, kidole bado kinavuja damu. Kumbe amelelewa na bibi yake, mzaliwa wa Unguja, na ndani ya nyumba ile ya Maskati lugha ya kula, kuoga na kugombezwa ilikuwa Kiswahili. Kiarabu alikianza kwa taabu shuleni, na alikitamka kwa lafudhi ya jikoni kwa bibi, herufi nzito zote akizilainisha. Mwaka wa kwanza chuoni alipiga kelele golini mara moja tu. Alitaka kusema "khalliha", yaani uache mpira, ikatoka "haliha". Uwanja mzima ukacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Hamad, beki wa kati, kijana wa hapa hapa Doha, ambaye kwa mwaka mzima uliofuata alikuwa akipita koridoni akiliigiza neno lile. Hamad hakuwa mbaya. Alikuwa na umri ule ambao mtu akipata mzaha mmoja anaula mpaka mfupa. Lakini Nasri akafunga mdomo, na ndiyo ikawa basi.

"Mie n'kisema wanacheka, mjomba," aliniambia. "N'kinyamaza wanafunga. Bora wafunge."

Nilimwambia siyo bora. Nikamwuliza, kama angekuwa anacheza na ndugu zake uani kwa bibi, angesemaje mpira ukija? Akafikiri, akasema angesema "wangu". Akitaka beki aupige mbali angesema "toa". Akitaka uachwe utoke nje angesema "acha". Na wakipanda sana mbele angewaambia "rudi". Sauti yake ilipokuwa ikisema maneno yale ilikuwa nyingine kabisa, pana, haina woga.

Basi nikaenda kwa kocha. Mtunza vifaa haingilii mambo ya kocha, na Amm Taha angenipiga kwa pampu, lakini nilikwenda. Nilimweleza kuwa kipa wake si bubu. Kocha akasema hata kama kijana atabweka kama mbwa, ilimradi mabeki waelewe, yeye yuko radhi.

Jioni ile mazoezi ya mabeki niliyasimamia mimi, mzee na filimbi ya kuazima. Maneno manne tu. Hamad, ambaye sasa alikuwa nahodha, alijifunza kwanza, na alijifunza kwa bidii isiyo ya kawaida yake. Mujtaba, beki wa pembeni wa Kisudani, alichanganya "toa" na "rudi" kwa siku tatu, kila akiambiwa autoe anarudi nao mpaka golini. Lakini yaliwaingia. Na kwa kuwa hayakuwa Kiarabu, hapakuwa na la kucheka, hakuna aliyejua yanavyopaswa kutamkwa. Mechi ya kwanza Nasri alisema kwa kunong'ona. Ya pili alisikika mpaka katikati ya uwanja. Ya tatu nilimsikia nikiwa chumbani, mlango umefungwa, mashine inazunguka.

Raha ya msimu ule siwezi kuieleza yote. Tulishinda mechi ambazo zamani tungefungwa kwa aibu. Vyuo vingine vilikuwa vinatoa macho tu, havijui lugha gani inasemwa. Wavulana walianza kuniamkia shikamoo asubuhi, hata wale waliodhani ni jina langu. Hamad alipofaulu mtihani wake wa hesabu aliingia chumbani akipiga kelele "wangu, wangu", akitupa karatasi juu. Nami nilitembea kifua mbele. Nilijiona nimeficha dhahabu katikati ya Doha na hakuna anayejua ilipo.

Tukafika fainali. Ilichezwa alasiri, majira ya baridi, kwenye uwanja wa wenzetu tuliokuwa tunagombea nao. Bibi yake Nasri alikuwa mgonjwa Maskati, hakuweza kuja, akamtumia salamu kwamba ale ashibe. Nilimlowanishia glavu, nikaangalia njumu moja moja, nikaenda kusimama nyuma ya goli letu na chupa zangu.

Kipindi cha kwanza kinaelekea mwisho, ukapigwa mpira mrefu wa juu kuja kwetu. Mujtaba alikuwa chini yake, hana shida, mguu umeshainuka kuutoa. Nyuma yake ikasikika sauti: "Acha!"

Mujtaba akauacha. Mshambuliaji wao akaupitia, akafunga. Nasri alikuwa hajafungua mdomo.

Sauti ile ilikuwa ya mshambuliaji mwenyewe. Nahodha wetu alimwendea refa, akamweleza kuwa wamedanganywa, na kwa sheria kudanganya kwa sauti ni kosa. Refa, mtu mwungwana, aliuliza limesemwa neno gani. Akaambiwa. Akauliza ni la lugha ipi. Hamad alinigeukia mimi, mimi nikafungua mdomo, na refa akasema kwamba hawezi kutoa hukumu kwa neno asilolijua, huenda kijana alikuwa anapiga chafya.

Ndipo nilipomwona. Upande wa benchi lao alisimama dereva wa basi lao, shati la sare, tumbo la kuridhika, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Aliniinulia mkono. Jina lake Otieno, kwao Kisumu. Kumbe alikuwa amewaleta wachezaji wake kututazama kwenye nusu fainali, akakaa jukwaani akasikia kipa wa Kimaskati anapiga kelele kwa lugha ya mama yake mdogo, akawafundisha wachezaji wake maneno yote manne.

"Mzee, pole sana," aliniita kutoka ng'ambo. "Lakini Kiswahili si ya Tanga peke yake."

Nimeishi na watu wa Afrika Mashariki mlango kwa mlango. Nimesalimiwa "mambo" na nusu ya malango ya mji huu. Na bado nilifundisha siri kwa lugha ambayo kila basi linaloingia uwanjani huenda linaendeshwa nayo. Nilitamani nijifunike lile begi la jezi.

Mapumziko tukaingia chumbani. Mujtaba alijifunika taulo kichwani. Kocha hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema maneno manne yamekufa, wapinzani wanayo, kila likisemwa mabeki watasita, na beki akisita nusu hatua tumekwisha. Kwa hiyo Nasri achague: aongoze kwa Kiarabu au atoke sasa hivi aingie yule wa mwaka wa kwanza. Yule kijana alikuwa ameshaanza kuvaa glavu.

Nasri alinitazama mimi. Nilikuwa nimempa nilichokuwa nacho, na kilikuwa kimetugharimu goli. Akainamisha kichwa, akaanza kufungua utepe wa glavu ya kushoto. Moyo uliniuma kama ninamwona mwanangu mwenyewe anashuka kwenye gari njiani.

Hamad akainuka. Alikwenda akapiga magoti mbele yake, akaushika ule utepe, akaurudisha mahali pake. Alisema kwa Kiarabu, taratibu, na mimi Kiarabu cha Doha nilishakijua vya kutosha.

"Sema Kiarabu chako," alimwambia. "Hakuna mtu mji huu anayeweza kukiigiza. Mimi nilijaribu mwaka mzima, nikashindwa."

Hakuna aliyecheka. Nasri akanyoosha mkono wa kushoto, Hamad akamfunga glavu ikakaza.

Kipindi cha pili alianza mara moja. Alipiga kelele Kiarabu cha jikoni kwa bibi, herufi laini laini, mpaka kwenye benchi la wenzetu wakaanza kuangaliana na kucheka. Walicheka dakika za mwanzo. Baadaye hawakucheka, kwa sababu kila alilosema lilitekelezwa. Mujtaba alitoa, alirudi, aliacha, bila kuangalia nyuma. Tukasawazisha kwa kona. Tukapata la pili kwa mpira uliogonga nyonga ya mshambuliaji wetu, ambaye mpaka leo anadai aliukusudia.

Mwisho kabisa, refa keshatazama saa yake, wakapata mpira wa adhabu pembeni. Ukapigwa juu, katikati ya watu. Nikasikia sauti ya kwanza: "Wangu!" Hamad hakutikisika. Ikafuata ya pili, Kiarabu safi, kilichonyooka kama cha msoma habari: "Khalliha!" Hamad hakutikisika. Alikuwa amesimama katika njia hasa ya mpira, kichwa tayari, na mimi nyuma ya goli nimekishika kizibo cha chupa kwa meno.

Kisha ikaja: "Haliha!"

Hamad akainama kama anayekwenda rukuu. Mikono miwili ikapita juu ya mgongo wake, ikaudaka mpira, na Nasri akaanguka nao kifuani. Filimbi ikalia akiwa bado chini.

Sasa mnajua picha ile. Mpiga picha aliwapanga, akawaambia watulie, na Nasri alikuwa bado anawaelekeza nani asimame wapi. Tangu siku ile hakunyamaza tena. Mwezi uliofuata kocha alikuja chumbani kwangu kulalamika kuwa kichwa kinamwuma.

Jioni ile ya fainali, tuliporudi chuoni, Nasri alimpigia simu bibi yake chumbani kwangu, amekaa kwenye kreti la Amm Taha, kombe limewekwa juu ya mashine. Alimsimulia yote. Nikasikia kisauti chembamba kutoka ng'ambo kikimwuliza kama amekula.

Otieno nilimnunia wiki nzima. Ijumaa iliyofuata alinifuata Najma na samaki wa kukaanga, akasema yeye alikuwa anafanya kazi yake na mimi nilikuwa nafanya yangu. Hoja hiyo niliimeza pamoja na samaki, na samaki alikuwa mzuri. Akawa rafiki yangu mpaka alipoondoka.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Mji ulichimbwa kila upande, njia yangu ya kwenda kazini ikabadilika mara nyingi kuliko jezi. Vikaja vitambaa visivyohitaji pasi, glavu zisizohitaji kulowanishwa, vijana wanaokuja na njumu zao wenyewe na kuzipiga picha. Wengi walikuwa watoto wazuri. Hatukuchukua ubingwa tena, na sikuona kama hilo linapunguza kitu.

Mwezi wangu wa mwisho nilikuwa nyuma ya goli nakusanya koni, kama siku ile ya kidole cha Nasri. Kipa mpya, kijana wa hapa hapa, alitoka golini kufuata mpira na kupiga kelele: "Wangu!" Mabeki wakampisha. Nilimwita, nikamwuliza neno hilo maana yake nini. Akaniambia kwa adabu, kama anayemwelimisha mgeni, kwamba ni neno la zamani la wapiga mbizi wa lulu, la mababu zake, na kwamba makipa wa chuo hiki wamelirithi.

Usiku huo nilimpigia Nasri huko Maskati, ana watoto sasa. Nilimsimulia, nikamwuliza kama nimsahihishe kijana kabla sijaondoka.

Aliniuliza: "Anapaza sauti, mjomba?"

Nikamwambia anasikika mpaka getini, na mlinzi wetu Mganda hugeuka kila mara kuangalia nani anamwita.

"Basi mwache," akasema.